Jenereta la kisiwani msilizime haraka

Kila nikikaa mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki, hapa Mwanza na jamaa wanaotoka visiwani ubishi ni uleule, majenereta ya dizeli yanayowasha vijiji vya ziwani yatolewe ibaki sola tupu. Mi nanunua sangara huko, nina la kusema.

Wanaotaka yatoke wana hoja ya hela na siipingi. Lita moja kwenye jenereta dogo inatoa kama uniti 3, ikizidi sana 3 na nusu, sasa piga lita buku tatu, kila uniti imeshakula karibu buku ya mafuta hujalipa fundi, filta, oili ya kila masaa 250 (likiwaka usiku na mchana hiyo ni siku kumi tu!) na nauli ya mapipa kwenye boti, wakati wa mjini mwenye matumizi madogo TANESCO inamuuzia uniti shilingi 100.

Ila hakuna anayeongelea mbalamwezi. Dagaa wanavuliwa gizani, mwezi ukiwa mkubwa kambi zinapoa, wavuvi wanarudi makwao, vibanda vya mpira vinafungwa, mashine inabaki kuwasha balbu za watu wachache. Hapo ndo inapokufa. Injini ya dizeli ikibeba mzigo mdogo haipati moto wa kutosha, mafuta hayaungui yote, chungulia bomba la moshi utakuta uteute mweusi unachuruzika. Mafuta yakiisha haraka wanakijiji wanasema fundi anaiba (kuna siku ni kweli), ila kosa kubwa lilifanyika dukani, walinunua limashine likubwa kuliko kijiji.

Sasa na sola nayo jamani, masika mawingu yakikaa siku tatu betri zinaishiwa, friji la barafu linazima. Nishawahi kupokea sangara wa hivyo, nikambonyeza kwa kidole shimo likabaki palepale, nikajua hapa hela imeenda. Hata kisiwa cha Ukara walipowasha gridi yao ndogo ya sola 2016 waliweka na jenereta pembeni, na hawakuwa wajinga.

Kwa hiyo mi niko upande wa sola mchana, ila lile dude kubwa liuzwe, vinunuliwe vidogo viwili, mbalamwezi kiwake kimoja, dagaa wakirudi viwake vyote. Ubishi uliobaki ni nani ashike funguo ya stoo ya dizeli, na huo wamalizane wenyewe.