Maua Yasiyong'oka

Kitchen party ya binamu yangu ilipokaribia, shangazi alikataa katakata maua ya dukani. "Yale yamekaa na vumbi tangu enzi za Mkapa. Wewe si una mikono?"

Mikono ninayo, na video ya kutengeneza maua ya waya nilishaitazama. Unazungusha waya mwembamba kwenye kifuniko cha soda, unauminya upate umbo la petali, unausokota shingoni. Unachovya kwenye rangi ya kucha, unavuta taratiiibu, na utando unabaki katikati ya waya kama povu la sabuni. Ukivuta kwa pupa, pwaa! Unaanza upya.

Kariakoo nilibeba chupa za rangi nyekundu na ya waridi kwa bei ya jumla. Muuzaji akatazama kucha zangu, akanitazama usoni. "Hongera, kaka. Wake zako wote wanakaa nyumba moja?"

Rangi ilikuwa nzito, nikaizimua kwa asetoni ndani ya kikombe. Harufu ikamtoa shangazi jikoni anakohoa. Alibeba mwenyewe jiko la mkaa akalipeleka uani: "Hiyo kitu ikishika moto, hapa patageuka matanga."

Petali zikitoka kwenye rangi zinataka kusimama zikauke. Nikachukua kile kipande cheupe chepesi kinachokuja ndani ya boksi la TV, kile kinacholia ukikikwaruza, nikakiweka juu ya stuli ya sebuleni, juu ya kitambaa alichofuma shangazi mwenyewe. Nikachomeka maua, bustani ikapendeza.

Sasa, asetoni na kile kitu cheupe haviivi chungu kimoja. Asetoni hukiyeyusha, hewa yote inatoka, unabaki uji unaonata ambao ukikauka unakuwa mgumu kweli. Matone yalipoteremka kwenye waya, niliona maua yanazidi kuwa mafupi nikadhani ni macho. Usiku paka akaangusha kikombe. Shamba lote likazama.

Asubuhi shangazi akayakusanya mashina kwa mkono mmoja. "Mbona mazuri jamani!" Akanyanyua. Kitambaa kikaja. Akavuta tena, stuli nayo ikaja, miguu inaning'inia hewani.

Akanitazama kwa muda.

"Mwanangu, haya maua tunayapeleka ukumbini kwa mkono, au niite kigari cha mizigo, Kirikuu?"

Kirikuu kilifika saa nane.