Kivuli cha Baba Mkwe

Baraza ya nyumba yetu inaangalia magharibi, na anayeijua Tanga ya mwezi wa Januari hahitaji maelezo zaidi. Ikifika saa tisa alasiri jua linaingia mpaka mlangoni, linajikalisha kama mgeni aliyekuja na begi. Ukisahau ndala nje, unazifuata kwa kurukaruka.

Kwa hiyo niliposikia baba mkwe anashuka kutoka Lushoto kuja kukaa nasi wiki mbili, sikuwaza atakula nini. Niliwaza atakaa wapi. Mzee wa watu amezoea ubaridi wa milimani, na ndani hakai. Yeye ni mtu wa baraza: anataka kuona njia, kusalimiwa, na kuuliza kila anayepita ni mtoto wa nani.

Nikaenda kwa fundi wa maturubai kule Ngamiani, Barabara ya 12. Nikamweleza: kivuli cha kushusha mbele ya baraza, mita tatu kwa tatu, kitambaa nanunua mwenyewe. Akaangalia juu kidogo kama anasoma bei kwenye dari, akasema elfu arobaini. Elfu arobaini kwa mshono mmoja wa katikati na pindo nne! Nikamwambia nitarudi. Akacheka. Mafundi wote wanaijua hiyo "nitarudi".

Mimi cherehani ninayo, Singer ya miguu aliyoniachia marehemu mama. Nimeshonea sare za shule, foronya, mapazia, na gauni moja la mdogo wangu ambalo kwenye ukoo wetu halizungumziwi. Nikanunua mita sita za turubai, lile zito lililopakwa plastiki upande mmoja, upana mita moja na nusu. Nikalikata vipande viwili vya mita tatu. Kazi iliyobaki ni kuviunganisha ubavu kwa ubavu na kukunja pindo. Nikajiona nimeshaokoa elfu arobaini.

Nilianza na pini kama binti aliyefundwa. Pini ya kwanza ikagoma, ya pili ikapinda, ya tatu ikaingia vizuri sana, ila kidoleni. Na hata zile zilizokubali zilinipa wasiwasi, maana tundu la pini kwenye kanga linajifunga lenyewe, lakini kwenye turubai linabaki tundu mpaka kiama, na masika ikija kila tundu ni bomba. Kupiga bandi kwa mkono ni hivyo hivyo: matundu yale yale, na subana inakuachia alama ya wiki nzima. Pasi ndiyo kabisa usiitaje. Plastiki ikikutana na pasi, inahamia kwenye pasi. Ukijaribu kushona hivyo hivyo bila kushikiza, kipande cha chini kinavutwa na meno ya cherehani, cha juu kinabaki nyuma kinashangaa. Nilifika mwisho wa nusu mita na vipande vimepishana vidole vinne. Nikafumua. Yale matundu hayakufumuka.

Usiku nikatazama video kwenye simu. Mama mmoja wa kizungu anashona kifuniko cha boti. Anatoa tepu nyembamba yenye gundi pande mbili, anaibandika ukingoni, anabandua karatasi ya juu, anaweka kipande cha pili, anakandamiza kwa kidole, anashona. Basi. Mshono umenyooka kama reli. Wala hatoki jasho yule mama. Nikamwamsha Baba Zubeda: "Tepu!" Akasema "Amina" akageuka upande wa pili.

Asubuhi niko duka la vifaa vya ujenzi. "Mna tepu ya pande mbili?" Kijana akaniletea ya povu, nene, pana inchi mbili, ile wanayobandikia vioo ukutani na namba za magari. Nikamuuliza, inashika? Akanitazama kwa huruma. "Mama, hii ukibandika kioo, siku ukihama unahama na ukuta." Nikachukua roli mbili.

Hapo nilifanya kosa ambalo video haikunionya, labda kwa kuwa hawakudhani kuna mtu angelifanya. Nilitandaza turubai sebuleni juu ya mkeka, nikabandika tepu kuzunguka kingo zote, kisha, ili nisipoteze muda, nikabandua karatasi yote kwa mpigo. Mita zaidi ya kumi za gundi zikabaki wazi zinaniangalia. Feni ilikuwa imewashwa.

Turubai likainuka upande mmoja, likajikunja, likajishika. Nilipokimbilia kulibandua, likashika dera langu gotini. Nilipoinama kulibandua dera, likachukua mtandio. Nikavuta mtandio, ukaja na mkeka. Zubeda, miaka sita, akaingia kuuliza kama kuna andazi limebaki, akakuta mama yake ni furushi. Alisimama pale dakika nzima, kisha akauliza, "Mama, unacheza na nani?"

Nilijikwamua kwa mkasi na kisu cha vitunguu. Tepu ikabaki na nyuzi za dera, ukili, mavumbi, na manyoya ya kuku ambaye mpaka leo sijui aliingia saa ngapi. Lakini vile vipande viwili nilivioanisha hatimaye, na niseme kweli, vilishikana. Hata kanisani na msikitini sijaona ndoa iliyoshikana vile.

Nikakaa kwenye cherehani. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, tak-tak-tak, mshono unaenda. Kufika shibiri mbili, uzi ukakatika. Nikatunga. Ukakatika. Nikatunga tena, sasa mshono ukaanza kuruka: kushona hapa, kurukia kule, kama mtu anayevuka madimbwi. Nikainua sindano. Ilikuwa imevaa koti. Gundi imeganda mpaka kwenye tundu la uzi, ina kandambili yake chini. Kila inaposhuka kwenye lile povu inapata moto, gundi inalainika, inapanda nayo juu. Nikaifuta kwa pamba na spiriti, ikaenda shibiri nyingine, ikavaa koti lingine. Na ilikuwa namba 14, ya kushonea vitenge. Mshono wa mita tatu ulinichukua saa nne na sindano sita.

Pindo la juu nikalishona kwa matusi. Nilipogeukia la chini, simu ikalia. Baba mkwe. "Mwanangu, tumepita Muheza."

Muheza! Hapo na hapa ni karibu! Nimeambiwa anafika jioni, kumbe kapata gari la mapema. Nikalitazama lile pindo la chini. Limekunjwa, limebandikwa, limetulia, kwa macho huwezi kujua kama halijashonwa. Nikasema, nitalimalizia akienda kulala. Nikalitundika, nikafunga kamba, nikafagia manyoya, nikabadilisha dera.

Lilipendeza. Bado nasema hivyo.

Baba Zubeda akamleta kutoka stendi, akamwacha na kikapu chake cha pichi, akarudi zake kazini bandarini. Mzee akakaa kwenye kiti cha mkono nilichomwekea pembeni kabisa, kwenye kivuli kizito. Nikaja na mtandio kichwani, nikapiga goti. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu. Hiki kivuli kaleta fundi gani?" Nikainamisha macho. "Nimeshona mwenyewe, baba." Ulimi wangu huo.

Hapa lazima niwaambie mambo mawili. La kwanza, kwetu baba mkwe haguswi. Chakula naweka mezani, narudi kinyumenyume. Mkono hatushikani. Hata kofia yake ikianguka, nitaita mtoto. La pili ni ndevu zake. Nyeupe, zimejaa, urefu wa ngumi moja kamili, anazichana kila baada ya sala na kuzipaka manukato kidogo. Wazee wa msikiti wake wanamjua kwa hizo.

Saa tisa na robo jua likafika kwenye turubai. Joto likafika kwenye gundi. Lile pindo la chini, lililojaa mavumbi na manyoya, likaachia taratibu upande wa kona yake, kiasi cha dhiraa moja, na ile tepu ikabaki uso wazi upande safi. Upepo unaozunguka nyumba ukaja. Mzee ameinua kikombe cha chai, anasema, "Hata jua leo limeshin—"

Turubai likamjia kwa chini, likampita kidevuni, likamkumbatia kama kitambaa cha kinyozi.

Kimya. Kikombe kilikuwa bado mkononi, hakikumwagika hata tone, hiyo ndiyo adabu ya wazee wa zamani. Akaweka kikombe chini. Akajaribu kugeuza shingo. Shingo ikakubali, ndevu zikakataa.

"Mama Zubeda."

"Abee, baba."

"Hiki ni nini?"

"Ni tepu, baba."

"Ya nini?"

"Ya kushikilia, baba."

Akafikiri kidogo. "Inashikilia."

Akainua mkono wa kulia ajinasue, mkono wa kanzu ukanasa. Upepo ukaja tena, turubai likavimba kama tanga la ngalawa, na mzee akalazimika kusimama na kulifuata hatua mbili mbele. Upepo ukatulia, akarudi hatua mbili nyuma, akakaa. Ukaja tena, akasimama. Mimi nipo pale nimenyoosha mikono yote miwili hewani, siwezi kumgusa, siwezi kuondoka, nazunguka tu kama kuku aliyepotelewa na mayai. Na hii ni Tanga, baiskeli hazikatiki njiani. "Shikamoo mzee!" anapita mmoja. Kutoka ndani ya turubai: "Marahaba!" Anapita mwingine, anapunguza mwendo, anaangalia, anaongeza mwendo.

Zubeda akatoka, akaona, akapiga makofi. Mjukuu na babu yake ni watani, hilo halina kizuizi. "Babu! Umekuwa pazia!"

"Mwambie mama yako alete mkasi," babu akasema.

Mkasi nikaleta, nikasimama nao. Kukata ndevu za baba mkwe? Afadhali nikate kidole. Nikakata turubai. Nikalizunguka kwa mbali, kwa heshima, nikatoa kipande kama sahani ya wali, mzee akawa huru, ila sasa ana kidevu cha turubai, kijani, chenye unyoya mmoja.

Dawa ya gundi ni mafuta, hilo angalau nilikuwa nalijua. Spiriti ingemchoma mzee ngozi. Nikaleta kopo la mafuta ya nazi, nikalikabidhi kwa Zubeda, nikageuka ukutani, nikawa natoa maelekezo kwa mgongo. "Paka pembeni kwanza. Subiri ilainike. Usivute!" "Simvuti, anajivuta mwenyewe!" Dakika ishirini. Adhana ya alasiri ikaanza kusikika, na kipande kikaachia, chwaa. Nilisikia tu mzee anasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya mtu aliyeng'olewa jino. Nilipothubutu kugeuka, ndevu zilikuwepo, isipokuwa upande wa kushoto palikuwa na kanjia kadogo, kama njia ya mbuzi kwenye shamba la mahindi. Akanawa kwa sabuni mara tatu, akaenda msikitini ananukia wali wa nazi.

Aliporudi hakusema neno. Alihamisha kiti. Na lile tundu nililokata, jua likalipata, likapita pale pale mpaka kwenye kiti alichohamia.

Keshokutwa yake nikaenda Barabara ya 12 na turubai limekunjwa begani, Zubeda nyuma yangu. Fundi akalifungua, akaliangalia, akaita wenzake wawili waje waliangalie. Kisha akanionyesha yake, tepu ya kazi hiyo. Nyembamba kama karatasi, upana milimita sita tu. Anaibandika ukingoni kabisa, anashona kando yake na siyo juu yake, na karatasi anaibandua kidogo kidogo, shibiri kwa shibiri, jinsi anavyosogea. Penye kona anatumia vile vibanio vyeusi vya ofisini. Sindano namba 18, uzi wa polyester, maana wa pamba unaozeshwa na jua na mvua. Kila akimaliza pindo moja anaifuta sindano kwa spiriti hata kama haijavaa kitu. Yote hayo kwa elfu arobaini.

"Sasa ni elfu sitini," akasema. "Ishirini ni ya kung'oa."

Sikubishana. Nikakaa kwenye benchi nikamsaidia kung'oa, yeye ana koleo, mimi na vidole. Ukatoka uzi wa dera, ukatoka ukili, ukatoka unyoya wa kwanza, wa pili. Nilikuwa nakusanya gundi yote kiganjani, donge la ukubwa wa limau. Tukafika kwenye kona ile. Fundi akasimamisha koleo, akasogea karibu na mwanga.

"Mama Zubeda, hapa kuna singa nyeupe. Mnafuga mbuzi?"

"Ndiyo," nikasema haraka. "Mmoja."

"Hatuna mbuzi," Zubeda akadakia kwa sauti ya kusomea darasani. "Hizo ni za ba—"

Nikamziba mdomo kwa kiganja. Ndipo nikakumbuka nilichokuwa nimeshika.