Usimsubirie mtoto wa makengeza akue

"Atakua, yatanyooka yenyewe." Hapa Tanga, kuanzia Ngamiani mpaka Pangani utayasikia maneno hayo, tena kwa nia njema kabisa, na ndiyo yanayowagharimu watoto wetu jicho. Kwa mtoto mchanga wa wiki chache yana ukweli, kwani macho yake hupishana mara mojamoja. Akitimiza miezi minne na jicho bado linakwenda kando, kusubiri hakuna faida tena.

Ubongo ukiletewa picha mbili zisizolingana, hushika ya jicho lililonyooka na kuipuuza ya pili. Jicho linalopuuzwa halijifunzi kuona, hata likiwa zima kwa kila hali. Hilo ndilo jicho vivu. Tiba hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya miaka 7. Kati ya 7 na 12 nafuu bado ipo, lakini kwa taabu zaidi.

Kinachonisikitisha ni kwamba tunatazama makengeza peke yake. Lipo jicho vivu lisilopinda hata kidogo, kwa sababu tu lina namba kubwa ya miwani kuliko mwenzake. Mtoto anacheza mpira, anasoma juzuu yake chuoni, maana jicho moja linabeba kazi ya mawili. Ukimpima macho yote kwa pamoja hutaona kasoro. Kwa hiyo nashikilia kwamba kila mtoto anayeingia darasa la awali apimwe jicho mojamoja. Nyumbani mfunike jicho moja kwa kiganja, si kwa vidole, atachungulia. Ukifunika lile bovu ataendelea na mchezo wake. Ukifunika zima atalia na kuusukuma mkono.

Kisha mmulike kwa taa ya simu kwa umbali wa nusu mita, na yeye aitazame. Kila jicho litaonyesha nukta ya mwanga, na nukta hizo zikae mahali pamoja kwenye mboni zote mbili. Iliyohama milimita 1 ina maana jicho limepinda kiasi cha nyuzi 7. Mtoto mwenye pua pana huonekana ana makengeza ilhali nukta zake ziko sawa. Huyo hana tatizo. Mboni ikionekana nyeupe badala ya nyeusi, usingoje kliniki ya mwezi ujao: yaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani ya jicho.

Matibabu huanza na miwani, nayo ipimwe baada ya matone ya kulegeza misuli ya ndani ya jicho, kwa sababu jicho la mtoto hujikaza na kutoa namba ya uongo. Makengeza mengine ya kuingia ndani, hasa yanayoanza miaka 2 au 3, hunyooka kwa miwani tu. Akiivua, jicho hurudi kupinda, na wazazi hudhani miwani imeliharibu. Sivyo. Bila miwani mtoto hukaza macho ili aone, na kule kukaza ndiko kunakoyavuta ndani.

Baada ya wiki kama 16 za miwani, ikiwa jicho bado ni vivu, kiraka huwekwa kwenye jicho zima, yaani lile linaloona vizuri. Saa 2 kwa siku kwa uvivu wa wastani, saa 6 kwa uliozidi. Kibandikwe usoni, miwani juu yake. Kikikaa kwenye kioo, mtoto huchungulia pembeni. Kwa joto la Tanga plasta hubanduka kwa jasho, basi mkaushe uso kwanza, na saa hizo mpe kazi ya karibu: kuchambua choroko, kuchora, kusoma herufi. Usizidishe saa kwa kiherehere, jicho zima nalo laweza kudhoofu.

Akikikataa kabisa, yapo matone ya atropini ya asilimia 1 katika jicho zima, Jumamosi na Jumapili. Kwa uvivu wa wastani hayapitwi na kiraka. Bonyeza kona ya jicho karibu na pua kwa dakika moja, dawa isishuke kooni. Uso ukiwa mwekundu, mwili ukichemka na moyo ukienda mbio, acha na umpeleke hospitali.

Upasuaji hunyoosha jicho, hauliamshi. Anayeahidi vinginevyo anakupotosha.

Tazama pia ukubwa wa mboni. Zikitofautiana chini ya milimita 1, mwangani na gizani sawasawa, na kope ziko juu, mara nyingi ni maumbile. Mboni moja ikiwa kubwa, kope limeanguka na jicho limeelekea nje na chini, hapo mshipa wa fahamu umeguswa: nenda hospitali ya Bombo saa hiyohiyo. Mboni ndogo yenye kope lililoshuka kidogo, na tofauti inayozidi gizani, hudai uchunguzi wa shingo na kifua, maana kwa mtoto yaweza kuwa uvimbe. Kama alichezea mnanaha kisha akafikicha jicho, mweleze daktari. Utomvu wake hutanua mboni. Na ubebe picha za zamani za mtoto, daktari ajue hali hiyo imeanza lini.