Picha Yenye Vitone na Darasa la Uganda: Anayejifunza ni Nani?

Picha shirikishi ni picha ya kawaida, iwe ramani, mchoro wa moyo au sura ya mlima, iliyowekewa vitone ambavyo mtu akivigusa hufunguka maelezo, sauti au video fupi. Wanaoipendekeza husema kwamba inamwezesha mzazi au shule jirani kuona yaliyosomwa darasani bila kusafiri. Kwamba inavutia, sina ubishi. Ninachotaka kupima ni nani hasa anayejifunza: aliyeitengeneza au anayeigusa.

Hoja ya wanaoitetea ina uzito hapa Uganda kwa sababu ya mtaala wa sekondari ya chini ulioanza kutumika mwaka 2020. Mtaala huo umezipa kazi na miradi ya shuleni asilimia 20 ya alama za mwisho, huku mtihani wa taifa ukibaki na asilimia 80, na kwa hiyo mwanafunzi anadaiwa aonyeshe alichokifanya, si alichokikariri peke yake.

Chukulia darasa la kidato cha pili mjini Kasese linalosoma habari za Rwenzori. Mwaka 1906 msafara wa Mwitaliano Luigi Amedeo, mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi, ulipanda vilele vya milima hiyo, na mpigapicha wake, Vittorio Sella, akaacha picha za barafu iliyotanda mahali ambapo sasa pamebaki mwamba mtupu. Wanafunzi wakipewa mojawapo ya picha hizo waiwekee vitone, watalazimika kuamua barafu ilikomea wapi, ukanda wa mianzi unaanzia wapi, na kwa nini mimea ya lobelia huwa mikubwa kiasi kile kwenye baridi ya juu. Watabishana. Mmoja atasema kitone kiko chini mno, mwingine atakwenda kutazama ramani, na maelezo yenyewe, kwa kuwa nafasi ni finyu, yatafutwa na kuandikwa upya mpaka yabaki maneno thelathini yenye maana. Mafunzo yako katika ubishi huo. Anayekuja baadaye kugusa vitone hukuta majibu yamekwisha kupangwa. Atajua mengi, lakini hatakuwa ameamua lolote.

Jambo ambalo picha hizi zinalishinda daftari ni sauti. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005, lakini nyumba nyingi hazikizungumzi, na Kiingereza cha shuleni hakimfikii kila bibi. Kitone kinaweza kubeba sauti ya mjukuu akieleza kwa Lukonzo, lugha ya Wakonzo wa milimani huko, kwamba nzururu, yaani theluji, inapungua, na bibi akaongeza anayoyajua kuhusu Kitasamba, ambaye Wakonzo wanaamini ndiye mwenye milima hiyo. Hata hivyo, huyohuyo ambaye sauti ingemfaa zaidi ndiye mara nyingi mwenye simu ndogo ya tochi isiyofungua picha ya namna hiyo hata kidogo.

Gharama nazo si za kupuuzwa. Tangu Julai 2021 data ya intaneti inatozwa ushuru wa asilimia 12, na ingawa sheria imeiacha nje data ya huduma za elimu, mzazi anaponunua bando lake la kawaida hakuna anayemuuliza kama ataangalia kazi ya mtoto au mpira. Shule zilipofungwa, zote au kwa sehemu, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, tuliona jinsi somo linalotegemea kifaa linavyowaacha nyuma wasio nacho. Tena vifaa vyenyewe havidumu: masomo mengi yaliyotengenezwa kwa Flash yalizimika programu hiyo ilipositishwa mwishoni mwa 2020, ilhali karatasi ya manila iliyochorwa mwaka huohuo, kama haikunyeshewa wala kuliwa na mchwa, bado inasomeka ukutani. Ndiyo maana naona H5P, programu huria ya kutengenezea picha kama hizi iliyoanzia Norwei, ina nafuu kuliko tovuti za kulipia, kwa kuwa kazi yake inaweza kuhifadhiwa kwenye kijiti cha USB na kufunguliwa bila mtandao, ilimradi kompyuta iwe na programu ya kuifungua.

Kuna pia sura za watoto. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kukusanywa, kwa hiyo picha ya darasa zima likitabasamu haifai kusambazwa kiholela. Mlima hauombwi ridhaa.

Mwalimu mwenye wanafunzi themanini na kompyuta tano hawezi kufanya haya kila wiki, na anayemdai hivyo hajawahi kusahihisha madaftari themanini. Nadhani picha moja kwa muhula inatosha, ianzie kwenye manila ambapo vitone ni vipande vya karatasi vinavyoweza kuhamishwa wakati wa kubishana, kisha kundi dogo liihamishie kwenye kompyuta na kurekodi sauti. Siku ya wazazi kutembelea shule, kompyuta moja iwekwe mezani, na mtoto akae kando yake mzazi anapogusa, ili swali lisilo na kitone lipate wa kulijibu.