Makabati ya jikoni: mashine ngoja kwanza, tuongee advansi

Ukiona fundi wa makabati hapokei simu usihangaike kumtukana, jua tu bodi zako zimeshakuwa kabati la mtu mwingine huko Goba. Ndivyo inavyoendaga. Kachukua advansi yako akamalizia kazi ya mteja aliyekuwa anamsumbua kabla yako, sasa anasubiri mteja mpya aje na advansi nyingine ndiyo anunue bodi zako, na huyo mpya naye atamsubiri wa baada yake, na wote mna namba yake mnampigia asubuhi hiyo hiyo. Wala siyo lazima awe mwizi. Wengi ni mafundi wenye mkono mzuri tu, ila hela ya mteja na hela ya kula nyumbani ziko kwenye laini moja ya simu, na wakati wa kula hakuna anayeuliza hii ni ya nani.

Naanzia hapo kwa sababu vijana wanaotaka kuingia kwenye makabati ya jikoni na bafuni hapa Dar swali lao la kwanza ni mashine. Ya kukatia bodi shilingi ngapi, ya kubandika ejingi (ule utepe unaofunika kingo za bodi) shilingi ngapi, ya Kichina inadumu? Mimi kwa mtazamo wangu mwaka wa kwanza mashine kubwa haina kazi yoyote kwako. Maduka mengi yanayouza bodi mjini yanakukatia hapo hapo na kukubandikia ejingi, unalipia kwa bodi au kwa mita, wewe unaenda na karatasi yako ya vipimo, jioni unapakia kwenye kirikuu unaondoka. Na ukiwa na mbao za kuranda, Keko na Buguruni kuna watu wana mashine wanakufanyia kwa hela ya kawaida kabisa. Kwako uwe na drili mbili, biti ya milimita 35 ya kutobolea matundu ya bawaba, pima maji ya maana, klempu, futi kamba isiyochakaa kwenye ncha (hii watu wanaidharau, ile ncha ikilegea inakudanganya milimita mbili tatu kila kipimo na unabaki kulaumu ukuta), basi.

Mashine ya mkopo ina shida moja, marejesho hayajui kama mwezi huu umepata kazi au hujapata. Kuna ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, kuna SIDO (shirika la serikali la viwanda vidogo), kuna vikoba, kote huko unaweza kupata na sisemi ni vibaya. Ila ukikopa kununua mashine kabla hujawa na wateja wanaofuatana, mwezi wa tatu rejesho limefika, mfukoni kuna advansi ya mama mmoja wa Madale, utafanyaje? Utaigusa. Ukishaigusa mara ya kwanza umeingia kwenye ule mduara na kutoka ni kazi.

Kwa hiyo mimi napendekeza kitu ambacho mafundi wenzangu wananicheka: bodi anunue mteja mwenyewe. Mnaenda wote dukani, au anatuma mtu wake, au analipa kwa lipa namba ya duka akiwa ofisini kwake, risiti inatoka jina lake. Bawaba, reli za droo, vipini, silikoni, vyote hivyo hivyo. Wewe unachukua hela ya ufundi tu, sehemu kidogo ya kuanzia ili ule na ulipe usafiri. Najua mtasema "sasa cha juu kwenye bodi nitakipata wapi?" Hukipati. Unakihamishia kwenye ufundi, unamwambia mteja kabisa kwamba ufundi wangu ni bei hii, ni kubwa kuliko ya fulani kwa sababu sijakuongezea kitu kwenye bodi, nenda kaulize dukani. Wengine watakimbia, waache. Anayebaki ni mtu ambaye usiku analala bila kuwaza uko wapi na hela yake, na huyo ndiye atakayempa dada yake namba yako.

Ubaya upo, siwezi kuficha. Mteja akishika hela yake mwenyewe anataka cha bei rahisi, atakuletea chipubodi (ile ya chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi) kwa ajili ya chini ya sinki. Hapo ndipo unatakiwa kuwa na mdomo. Mwambie akafungue kabati la chini ya sinki kwenye nyumba yoyote ya kupanga, apige magoti, apitishe kidole kwenye ubao wa chini pale karibu na ukuta bomba linapoingilia. Atakuta umevimba kama mkate uliolowa chai, laminesheni imebanduka, skrubu unaitoa kwa kucha. Chipubodi na MDF ya kawaida (bodi ya nyuzi laini za mbao) hazina ugomvi na mtu zikiwa kavu, weka kabati za juu, weka kabati la vyombo, hakuna neno. Chini ya sinki weka marini bodi (plaiwudi inayovumilia maji) au bodi ya PVC, yaani plastiki, na popote ulipokata tundu la bomba paka silikoni kwenye ule ukingo ulio wazi kabla hujafunga, kwa sababu maji hayaingilii usoni, yanaingilia pale ulipokata.

Ukishamwachia mteja anunue bodi, utajifunza adabu ya kukata, maana kila kipande kinachoharibika anakiona. Bodi ni sentimita 122 kwa 244. Ubavu wa kabati la chini ukiufanya urefu 72 na kina 56, bodi moja inatoa mbavu sita na vipande vya pembeni unapata vya kukazia kwa juu. Kina 60 bado sita zinatoka. Sasa atokee fundi anayependa "kuongeza kidogo iwe na nafasi", afanye 62, mbili haziingii tena kwenye upana, bodi hiyo hiyo inampa mbavu tatu na lipande kubwa lisilojulikana litaenda wapi. Sentimita mbili zimekula nusu ya bodi! Kabati lenye 72, ukaweka miguu ya 12 au 15 na graniti juu, unafika kwenye 86 mpaka 90, ambayo ni kimo cha watu wengi, ila muulize anayepika. Siyo anayelipa, anayepika. Mara nyingi ni watu wawili tofauti na anayelipa ni mrefu.

Na usipime kabla marumaru hazijawekwa. Mteja atakuharakisha, atakwambia ukuta ndio huu huu hauendi popote, mwambie bosi nitarudi. Plasta na marumaru zinakula nafasi, na kuta zetu, samahani mafundi ujenzi, hazijanyooka, chini unapata 244, katikati 243, juu 241, sasa wewe ukate ipi? Pima sehemu tatu chukua ndogo, pengo linalobaki unaliziba na kipande cha kujazia. Kona ipime kwa tatu nne tano, yaani sentimita 30 ukuta huu, 40 ukuta ule, mshazari ukitoka 50 kona iko sawa.

Kitu kingine, hizi picha za mtandaoni. Mteja anakuja na picha ya jiko la Ulaya kwenye simu, zuri, jeupe, hakuna kitu juu ya meza hata kijiko. Mchukue umpeleke jikoni kwake pa sasa hivi umwonyeshe mbuzi ya kukunia nazi, kinu, ndoo ya lita 20 ya mchele, ndoo ya unga, sufuria la shughuli ambalo linatoka mara mbili kwa mwaka, mtungi wa gesi wa kilo 15. Kwenye hiyo picha vinakaa wapi? Ukimchorea kabati moja refu bila rafu katikati, mbuzi ikaingia imesimama na ndoo ikaingia bila kuchuchumaa, umeshamshinda anayeleta makabati ya kwenye maboksi kutoka Uchina, kwa sababu yule haijui mbuzi. Mtungi wa gesi ndio naomba muwe makini nao zaidi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inajaa chini, kwa hiyo kabati la mtungi lililofungwa vizuri kila upande ndiyo hatari yenyewe. Kama kuna nafasi mtungi ukae nje, mpira upite ukutani. Kama lazima uwe ndani, toboa matundu chini kabisa yanayotoa hewa nje, na mlango usiwe na kizuizi chini. Wateja wengi hawalijui hili na mafundi wengi hawasemi kwa kuwa matundu yanaharibu muonekano.

Bafuni nako pana mambo yake. Sisi bafu tunalioshaje? Ndoo ya maji, sabuni, fagio la chelewa, shwaa mpaka mlangoni. Kabati lililokaa sakafuni halimalizi masika mawili. Ning'iniza ukutani, kwa plagi nzuri (vile vya plastiki vya kushikilia skrubu ukutani) na skrubu ndefu, fagio lipite chini. Ukiwa Kigamboni au Mbezi Beach ongezea hesabu ya chumvi, kuanzia ya hewani mpaka ya kisimani, bawaba za bei poa zinashika kutu mapema kabisa, weka za stenlesi hata kama mteja ananung'unika.

Mambo ya karatasi ni machache, jina la biashara BRELA (wakala wa usajili), TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya manispaa, fanya mapema kwa sababu kampuni zikikupa kazi zitataka risiti ya mashine ya EFD, ile ya TRA, na hapo ndipo wengi wanakwama. Fremu ya barabarani na kodi ya miezi sita mkononi mwa dalali, hiyo sioni haraka yake. Jiko ulilomalizia kwa mtu ndilo duka lako, omba ruhusa upige picha, milango ikiwa wazi na ndani kuna vyombo vya kweli.

Jambo la mwisho ni baki, yaani hela ya ufundi ambayo mteja hajamalizia. Watu wa huku tunajenga kidogo kidogo, jiko linafika zamu yake hela imeishia kwenye madirisha ya aluminiamu na jipsamu, kwa hiyo mteja atakwambia fundi nifanyie chini kwanza, juu mwakani. Kubali, ni biashara nzuri tu, ila mshauri bodi za milango yote azinunue pamoja leo, kwa sababu ile rangi ya melamini mwakani inaweza isiwepo dukani na atabaki na jiko la rangi mbili. Makasha (kabati bila milango) unafunga, unasawazisha, mtu wa graniti anakuja kupima, na milango inabaki kwako imeshatobolewa bawaba, imefungwa kwenye nailoni, imeandikwa namba kwa penseli kwa nyuma. Siku baki ikiingia unaenda nayo asubuhi na drili moja, saa sita mchana umeshamaliza kurekebisha bawaba na mama anapanga vikombe.