Tupime kwanza, Windows tuipige baadaye

Kompyuta ikiwa nzito, piga Windows, yaani ifute na kuisakinisha upya. Ikijizima katikati ya kazi, piga Windows. Ikikataa kufungua tovuti ya benki, piga Windows. Ndiyo dawa ninayoisikia kila nikishuka Kariakoo kutafuta vifaa, na ndiyo dawa ambayo majirani na wanachuo wenzangu hunijia nayo mkononi, wameshaamua kabla sijagusa kitufe cha kuwashia. Mimi ni mwanafunzi. Kompyuta za nyumbani nazifungua, nazisafisha na kuziboresha jioni baada ya vipindi, kwa sababu naipenda kazi hii, na kadiri ninavyoifanya ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba hii dawa moja ya kila ugonjwa inawaumiza watu.

Chukua mfano wa saa. Mjomba wangu ana kompyuta ya mezani, moja ya zile zilizotumika maofisini Ulaya kisha zikaletwa kwetu. Siku moja intaneti ikawa inaingia, WhatsApp ya simuni inafanya kazi kwa Wi-Fi ileile, lakini kwenye kompyuta kila tovuti inaleta onyo kwamba si salama. Alishaambiwa mtaani kwamba ni virusi, Windows ipigwe upya.

“Shikamoo mjomba. Hebu tazama pale chini kulia, tuko mwaka gani?”

“Marahaba. Aah, hiyo saa imekuwa hivyo muda mrefu, inarudi nyuma yenyewe. Mimi sijali saa, nataka barua pepe.”

Saa ndiyo iliyokuwa imemnyima barua pepe. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta inayodhani tuko miaka kumi nyuma inakiona cheti cha leo kuwa bado hakijaanza kutumika, basi inakikataa. Kinachotunza saa umeme ukiwa umezimwa ni betri ya mviringo iliyopachikwa kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, CR2032 ya volti 3, inauzwa hata kwenye maduka ya saa. Tuliibadilisha, tukaseti tarehe, tovuti zikafunguka. Sasa fikiria angepigiwa Windows. Wakati wa kusakinisha saa ingerekebishwa, mjomba angeondoka na furaha, na siku umeme utakapokatika usiku tatizo lingerudi lilelile. Angekuwa amelipa hela na kupoteza programu zake bila ugonjwa kuguswa.

Hilo la saa ni dogo. Linaloniuma zaidi ni la diski.

Malalamiko mengi ninayoletewa ni ya uzito: inawaka kwa muda wa kupika chai, ukibofya Word unasubiri. Hapo kabla ya jambo lolote nafungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha nini kinatumika, na kutazama safu ya diski. Mara nyingi imeganda kwenye asilimia 100 huku prosesa, ubongo wa mashine, ikiwa haina kazi na RAM, kumbukumbu yake ya muda, ina nafasi. Mashine hizi za ofisini, Dell OptiPlex na HP EliteDesk za miaka ya 2013 na 2014, nyingi zinakuja na diski ngumu (hard disk) ya sahani zinazozunguka. Kichwa cha kusoma lazima kisogee hadi mahali data ilipo, na kila msogeo unachukua kama milisekunde kumi. Windows inapowaka inaomba vipande vidogo vidogo maelfu kwa maelfu, kila kimoja kona yake. SSD, diski ya chipu, haina kitu kinachosogea, jibu linakuja chini ya sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Ndiyo maana kompyuta ya prosesa kizazi cha nne, iliyokwisha kukatiwa tamaa, ikifungwa SSD ya kawaida inakuwa mashine nyingine kabisa, na mwenyewe anauliza umeongeza nini kingine.

Watu wengi wanaanzia kwenye RAM. Nawaelewa, ndilo jina wanalolijua. Lakini kama Task Manager inaonyesha una GB 8 na unatumia 4, kuongeza nyingine nane hakutakupa kasi unayoitafuta. Penye GB 4 tu na kivinjari chenye kurasa ishirini, hapo sawa, RAM inahitajika. Na hata hapo soma kwanza ile iliyomo. Aina za RAM za DDR3 na DDR4, pengo lake halipo mahali pamoja, haziingiliani, na laptopu za kizazi cha nne cha Intel zinataka DDR3L ya volti 1.35, wakati DDR3 ya kawaida ni 1.5. Nimeona mtu amenunua RAM nzuri, mashine haiwaki, ikatangazwa kwamba mazabodi imekufa.

Nirudi kwenye diski, kwa sababu hapa ndipo kupiga Windows kunapogeuka kuwa hatari. Diski inayokufa nayo inakuwa nzito. Dalili zinafanana sana na za diski yenye afya iliyo ya polepole tu: kuganda, kuwaka taratibu, faili kuchelewa kufunguka. Tofauti utaiona ukisoma SMART, kumbukumbu ya afya ambayo diski inajiandikia yenyewe. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo inaionyesha kwa rangi, buluu ni nzima, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Mimi natazama hasa mistari miwili, sekta zilizohamishwa na sekta zinazosubiri kuhamishwa. Hii ya pili ikiwa na namba, maana yake kuna sehemu ambazo diski imejaribu kuzisoma ikashindwa.

Dada mmoja wa mwaka wa mwisho chuoni alikuja na laptopu ya namna hiyo. Tasnifu yake nzima ilikuwa humo, na mahojiano aliyorekodi kijijini kwao, hana nakala popote. Fundi alikuwa amemwambia arudi kesho yake ipigwe Windows. Ingefutwa, diski iliyochoka ingelazimishwa kuandika data mpya juu ya ile ya zamani, na mahojiano yale yangekwenda nayo. Niliiwasha kwa flashi yenye Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, ambayo inawaka yenyewe bila kuitegemea Windows wala kuandika chochote kwenye diski ya mgonjwa. Tukaanza na folda ya tasnifu, halafu sauti, halafu picha, kwa mpangilio wa kile ambacho hakiwezi kupatikana tena. Faili chache zilikataa. Nyingi zilitoka. Diski mpya na Windows mpya vilikuja baadaye, mwishoni kabisa, mahali pake panapostahili.

Flashi hiyo ya Linux naitembeza kila mahali, na namshauri kila anayependa kazi hii awe nayo. Kompyuta inayoganda kwenye Windows lakini inatulia saa nzima kwenye Linux inakuambia kwamba RAM, prosesa na mazabodi pengine ni vizima, utafute kwenye diski au kwenye Windows yenyewe. Ikiganda kote kuwili, usiguse Windows. Vua RAM, safisha meno yake kwa kifutio cha penseli, rudisha moja moja, kisha iache Memtest86+, programu ya kupima RAM, ipite.

Joto na vumbi ni sura yao wenyewe hapa Dar. Laptopu inayowekwa juu ya godoro chini ya feni inavuta nyuzi na vumbi hadi mapezi ya kipoozeo yanaziba kama yamewekewa blanketi. Prosesa za Intel nyingi zikikaribia nyuzi 100 zinajipunguzia mwendo zenyewe zisiungue, na joto likizidi mashine inazima ghafla. Mwenyewe anasema “ina virusi, inajizima”. Brashi laini, blowa, na pesti mpya ya prosesa vinamaliza. Ishike feni kwa kidole unapopuliza, isizunguke ovyo.

Umeme nao nisiupite. Kompyuta ya mezani inayojiwasha upya kila friji inapoanza kunguruma haina shida ya Windows, ina shida ya volti, na kifaa cha kulinda umeme ni bei nafuu kuliko pawa saplai. Kwa OptiPlex 7020 na 9020 ni zaidi, maana pawa saplai yake inaingia kwenye mazabodi kwa plagi ya pini nane ya Dell wenyewe. Ile ya pini 24 inayojaa madukani haiingii bila waya wa kubadilishia.

Tangu 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipofunga msaada wa kawaida wa Windows 10, dawa hii imepata soko jipya. Windows 11 inataka TPM 2.0, kifaa cha usalama ndani ya kompyuta, na kwa Intel orodha rasmi, ukiacha prosesa chache, inaanzia kizazi cha nane, kwa hiyo zile mashine za kizazi cha nne ziko nje. Watu wanapigiwa Windows 11 kwa njia ya kuruka ukaguzi bila kuambiwa, na inawashwa kwa programu za kuvunja leseni ambazo mara nyingi hudai kwanza uzime ulinzi wa virusi. Mteja alikuja kwa hofu ya usalama, anaondoka mlango ukiwa wazi zaidi. Kwa mtu wa kuandika, kusoma na intaneti, napendekeza Linux Mint bila kusita. Anayehitaji programu ya Windows kwa kazi yake aambiwe ukweli wa mashine yake, achague mwenyewe.

Sisemi mafundi hawajui. Wengi wananizidi mbali, hasa kwenye kuchomea na kusoma saketi. Tatizo ninaloliona ni malipo. Mteja wetu hulipia kitu kilichofanyika, halipii nusu saa ya kutafuta chanzo, kwa hiyo fundi anauza kile kinacholipwa. Tuliwahi kuwa hivyo na homa, kila joto la mwili likipewa dawa ya malaria, mpaka mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza kila anayeshukiwa apimwe kwanza, na leo kipimo cha haraka kiko hadi zahanati. Kompyuta zinahitaji hivyohivyo: bei ya kupima ibandikwe ukutani, ilipwe hata kama jibu ni betri ya saa, na mteja apewe karatasi yenye hali ya diski, RAM na joto.

Mimi nimeanza kuwaandikia wanaonijia, kwa mkono, kwenye karatasi ya daftari. Anayesisitiza nipige Windows bila kupima namwomba jambo moja tu, tunakili kwanza picha na nyaraka zake. Akikataa hilo, mashine yake namrudishia kama ilivyokuja.