Ndimu ya sinia, si ya ukuta

Ikishapita nusu ya Shaabani, hapa mtaani kwetu Mkomani, mjini Lamu, hupiti kichochoro ila utakuta mkeka umetundikwa na mtu anaukung'uta kwa fimbo. Wenzetu wa nchi za baridi husafisha nyumba nzima theluji inapoyeyuka. Sisi theluji hatuna, tuna mwezi unaokuja. Kabla ya siku ya kuvunja jungu, karamu ya mwisho kabla ya kufunga, vyombo vyote viwe vimetolewa nje, nyumba imefagiwa hadi juu kwenye boriti, na kila kitu kimerudi mahali pake. Miaka hii Ramadhani imeangukia kaskazi, na kwa mwenye kufua hiyo ni neema: mapazia ukiyaanika asubuhi, adhuhuri unayakunja. Mwaka 2019 ilianza mwezi wa Mei, wakati wa masika, na nakumbuka foronya zilivyokaa kambani siku mbili zikarudi ndani na harufu ya ukungu.

Kila mwaka wakati huu watu huniuliza dawa gani nzuri ya kusafishia. Madukani rafu zimejaa: chupa ya vioo, chupa ya sinki, chupa ya choo, chupa ya sakafu, na kila moja ina bei yake. Mimi hutumia ndimu, ukwaju, siki, magadi, chumvi, majivu, makumbi ya nazi na sabuni ya mche. Vingi kati ya hivyo vimo jikoni tayari, na vingine ni vya kutupwa. Fedha inayobaki naiweka ya tende na futari. Lakini nasema hivi kila mara, na mwaka huu nataka kuandika kabisa: vitu hivi ni dawa kwelikweli, na dawa ina mahali pake. Mama zetu walijua kipi kinaenda wapi. Ndimu bado tunazo, ule ujuzi ndio unaotuponyoka, tukaenda kuutafuta kwenye video za watu ambao nyumba zao si kama zetu.

Nianze na sinia. Nina sinia ya shaba niliyorithi kwa bibi, pana kiasi cha kukaliwa na watu wanne, na mwaka mzima hukaa imeegemea ukuta ikipata weusi wa hewa ya bahari. Huchukua ukwaju ngumi moja, nikauroweka kwenye maji ya uvuguvugu mpaka ulainike, kisha nikaupaka wote pamoja na kokwa zake na nyuzi zake. Unausubiri kidogo tu. Weusi huanza kuhama wenyewe, kwanza pembeni, halafu yale maua yaliyochongwa katikati yanatokea moja moja kama mtu anayefunua shiti. Pale pagumu natia chumvi juu ya kipande cha ndimu na kusugua. Ukali wa ukwaju ndio unaoyeyusha ule utando, chumvi inasaidia kukwangua. Siri iko mwishoni: suuza mara moja kwa maji mengi, kausha kwa kitambaa, usiiache ijikaukie. Ukiisahau na ukwaju wake juu, kesho utaikuta na madoa ya kijani na kazi ni ya kuanza upya.

Birika la umeme nalo ni kazi ya siki. Maji ya visima vyetu yana chokaa, na baada ya miezi michache chini ya birika kunashika ukoko mweupe mgumu. Tia siki na maji nusu kwa nusu, chemsha, acha nusu saa, mwaga, suuza. Ukoko unachemka povu na kuondoka.

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, hasa wanaoishi nyumba za mawe. Ule ukoko wa birika na ukuta wa nyumba yako ni kitu kimoja. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe yaliyopakwa chokaa, na chokaa ikishakauka na kukaa na hewa inarudi kuwa jiwe la aina ileile. Kinachoyeyusha ukoko kitayeyusha na ukuta. Mimi nimejifunza kwa hasara. Mwaka mmoja kidaka kimoja cha ndani, yaani kishubaka cha ukutani cha kuwekea vitu, kilishika ukungu, nikasoma mahali kwamba siki inaua ukungu, nikajaza chupa ya kupulizia nikapuliza. Nilisikia ukuta ukitoa sauti, mlio mdogo kama wa soda ikifunguliwa. Povu likashuka. Nilipofuta kwa kitambaa, ukingo wa nakshi ulikuja nao mkononi, laini kama unga. Kidaka kile kilichongwa na fundi ambaye hata wazee wa mtaa hawalijui jina lake, na mimi niliuharibu ukingo wake kwa chupa moja ya siki.

Ukuta wa chokaa fagia kwa ufagio mkavu wa chelewa, futa kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, fungua madirisha hewa ipite, kisha paka chokaa mpya. Chokaa iliyozimwa ina ukali wake wa upande mwingine, kinyume cha ule wa ndimu, na ukungu hauupendi hata kidogo. Ni rahisi, na ukuta unaendelea kupumua. Ndiyo maana huniuma kuona nyumba ya miaka mingi inapakwa rangi ya mafuta ili "isichafuke". Unyevu unaopanda kutoka chini hukosa pa kutokea, rangi inavimba malengelenge, na chumvi inakula jiwe kwa ndani. Mji wetu uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001 kwa ajili ya nyumba hizi. Zinastahili ndoo ya chokaa.

Jambo jingine ni huku kuchanganya magadi na siki. Kila mtu anafurahia lile povu. Lakini magadi na siki vinamalizana nguvu, na povu likitulia umebaki na maji yenye chumvichumvi. Vitumie mbalimbali. Magadi ni ya mafuta: ukuta wa jikoni wenye vigae, meko, sakafu iliyomwagikiwa samli. Siki ni ya chokaa ya maji na vioo. Na sufuria za alumini msizisugue kwa magadi, zinakuwa nyeusi. Hizo ndizo za ndimu. Sufuria za chuma na masizi ya kuni, majivu na makumbi yanatosha, hakuna chupa ya dukani iliyonishawishi kuyaacha.

Na tafadhali, tafadhali sana, maji ya klorini yasikutane na siki wala ndimu. Hewa inayotoka ni sumu ya mapafu. Wifi yangu alimimina vyote viwili chooni, mlango umefungwa, akatoka anakohoa na macho yamevimba, na kwa siku mbili hakuweza kupanda ngazi bila kusimama. Neno "asili" halikumkinga. Hata ndimu peke yake si ya kuchezewa: ukikamua nyingi kisha ukakaa juani bila kunawa, ngozi inaweza kuungua na kubaki na mabaka ya kahawia kwa wiki kadhaa. Watoto wanaosaidia kazi wanawe kwanza ndipo watoke kucheza.

Magodoro na mito ya sufi ni kazi ya jua, sina la kuongeza. Kunguni wakiwa kwenye kitanda cha kamba, maji ya moto yanayochemka, pole pole, kwenye kila fundo. Ubani nafukiza mwisho kabisa, nyumba ikishakuwa safi, maana moshi haumfichi mtu uchafu wake kwa zaidi ya saa moja.

Mimi klorini siitumii tena, na sababu yangu kubwa iko mlangoni. Maji ninayomwaga yanapita kwenye mtaro, yanateremka kichochoro hadi bahari. Kaunti yetu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na humo kwenye mizizi ndimo wanamokulia kamba na kaa tunaowanunua sokoni.

Kwangu imebaki kazi moja, birika la bafuni, lile la kujengwa. Humo mna visamaki vinne vinavyokula viluwiluwi vya mbu, kama ilivyokuwa kwa bibi, kwa hivyo sabuni haiingii. Kesho baada ya alfajiri mwanangu atavihamishia kwenye ndoo kwa kata, mimi nitashuka ndani na makumbi na chumvi, nisugue kuta hadi ule ute wa kijani utoke, nisuuze mara tatu, kisha tujaze tena maji ya kisima. Ndoo ameshaichagua, na ameomba awe yeye wa kuvirudisha.